Unataka kuanza ramli ya Kichina? Chagua kitabu hivi kabla hujatuma pesa

Ukishuka matatu hapa Runyenjes, kabla hata hujavuka barabara ya Embu–Meru kutafuta chai, nguzo ya stima imeshakupa ushauri. Karatasi imebandikwa hapo kwa gundi: mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anafungua biashara, anamaliza kesi, piga nambari hii. Tumekua tukizipita karatasi hizo. Nyingine zimenyeshewa hadi mganga amebaki na nusu ya nambari.

Siku hizi karatasi imehamia kwenye simu yako, na mganga amebadilisha uraia. Sasa anatoka Uchina. Ana joho jekundu, sarafu zenye tundu katikati, filimbi inalia nyuma, na anakwambia mababu wa Wachina waliijua siri ya pesa maelfu ya miaka iliyopita. Mwisho wa video kuna nambari ya kutuma pesa. Uchina gani hiyo inapokea M-Pesa kwa laini ya Kenya? Hapo watu hawaulizi.

Binamu yangu hakuuliza. Ana miaka 23 na anauza mitumba hapa sokoni. Alikuwa ameahidiwa kazi ya nyumbani katika nchi moja ya Ghuba, na ajenti alitaka Sh40,000 za makaratasi kufikia Ijumaa. Pesa alikuwa nazo, karibu zote alizoweka kwa miaka miwili. Akashindwa kuamua. Akatuma Sh500 kwa yule wa joho jekundu. Akaambiwa nyota yake imefungwa, aongeze Sh1,500 ifunguliwe. Akaongeza. Akaambiwa sasa zinahitajika sarafu tatu zilizobarikiwa, Sh3,000.

Hapo ndipo alipokuja kwangu, Jumanne jioni.

"Wewe si ndiye ulisoma ukaachia katikati? Una muda. Nitafutie kitabu cha hiyo ramli nijipigie mwenyewe. Nimechoka kulipa watu."

Ni kweli niliacha chuo mwaka wa pili, na ni kweli muda ninao. Basi nikaingia kazini. Kama wewe pia umeziona hizo video na ukatamani kujua ukweli uko wapi, haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, ujue unachotafuta

Kusema "ramli ya Kichina" ni kama kusema "chakula cha Kiafrika". Kipi? Githeri, pilau ama ugali na mrenda?

Kuna bazi, yaani "herufi nane", inayotumia mwaka, mwezi, siku na saa uliyozaliwa. Kuna feng shui, inayohusu mahali: nyumba itazame wapi, kaburi lichimbwe upande gani. Kuna vijiti vya hekaluni, ambapo mtu anatikisa mkebe hadi kijiti kimoja chenye nambari kianguke, kisha anatafutiwa maandishi ya nambari hiyo. Ukifika hekalu la Wong Tai Sin kule Hong Kong utawakuta watu wamepiga magoti wakifanya hivyo mpaka leo.

Halafu kuna Yi Jing, ambayo vitabu vingi vya zamani huiandika I Ching. Maana yake ni Kitabu cha Mabadiliko. Wengi wanaosema "ramli ya Kichina" na sarafu tatu wanazungumzia hii, na ndiyo aliyoitaka binamu yangu bila kuijua jina.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni rahisi. Ukikuta kitabu chembamba kinachoahidi kukufundisha yote hayo manne, pamoja na nambari za bahati na rangi ya kuvaa Jumatatu, kirudishe kwenye rafu. Kila moja ya hizo ni somo lake.

Kitabu chenyewe ni cha aina gani

Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wafalme wa ukoo wa Shang walikuwa wakiuliza maswali kwa kuchoma mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe kwa kitu cha moto. Mfupa ukipasuka, mwaguzi anausoma ufa. Maswali yenyewe yalichongwa palepale: mvua itanyesha? Vita tuviingie? Jino la mfalme litapona? Mifupa hiyo ilikuja kutambuliwa na wasomi mwaka wa 1899, na ndiyo maandishi ya Kichina ya kale zaidi tuliyo nayo kwa wingi.

Ukoo wa Zhou uliofuata ndio uliotuachia Yi Jing. Sehemu yake ya zamani ina umri wa karibu miaka 3,000. Ni fupi kuliko unavyodhani: maumbo 64, kila moja limejengwa kwa mistari sita, kila moja lina jina, maneno machache ya jumla, na maneno mengine machache kwa kila mstari. Basi. Kuna mambo ya bukini wanaotua ufuoni, kisima, gari la kukokotwa, mbweha mdogo anayevuka mto.

Karne nyingi baadaye yakaongezwa maelezo yanayoitwa Mabawa Kumi. Hayo ndiyo yaliyogeuza kitabu cha waaguzi kuwa kitabu cha falsafa. Mapokeo yanasema Confucius ndiye aliyeyaandika. Wasomi wengi wa leo hawakubali. Mwaka wa 136 KK serikali ya Han ikakiweka miongoni mwa vitabu vitano vikuu vya elimu ya dola.

Shika jambo moja hapo: kuna tabaka la zamani na kuna tabaka la maelezo. Mtu akikuuzia kitabu ambacho hakitenganishi hayo mawili, hujui kama unasoma maneno ya miaka 3,000 ama mawazo ya mwandishi aliyeamka jana na kikombe cha kahawa.

Mbona inafanana na yetu?

Nilipoanza kusoma hesabu ya maumbo hayo, nilihisi kama nimeiona mahali. Na kweli nimeiona.

Neno "ramli" limetoka Kiarabu na maana yake ni mchanga. Mpiga ramli wa pwani huchora alama mchangani au kwenye ubao, anazihesabu, na kila mstari unabaki na nukta moja au mbili. Mistari minne inafanya umbo moja. Nukta moja au mbili, mara nne: maumbo 16. Wachina nao wana mstari mzima au mstari uliokatika katikati, mara sita: maumbo 64. Kama ulikuwa macho darasani unaona hesabu ni ileile, mbili kwa mbili kwa mbili. Mjerumani Leibniz, aliyechapisha mwaka wa 1703 namna ya kuhesabu kwa sufuri na moja tu, alishangaa kuona maumbo ya Yi Jing yamepangika vilevile. Simu uliyoshika inahesabu hivyo.

Hiyo haina maana kwamba Wachina walituibia ama sisi tuliwaiba. Ina maana tu kwamba hakuna siri ya ajabu iliyofungiwa Beijing ikingoja Sh3,000 zako.

Na huku kwetu Mlima Kenya je? Mundu mugo alikuwa na mbugu, kibuyu chenye mbegu na vijiwe. Alizimwaga na kuzihesabu mafungu mafungu. Wachina wa kale nao, kabla ya sarafu, walitumia vijiti 50 vya mmea: kimoja kinawekwa kando, 49 vinagawanywa na kuhesabiwa vinnevinne.

Nilimuuliza shosho kuhusu mbugu. Yeye ni mtu wa kanisa na hakufurahia swali, lakini alinijibu. Alisema watoto wa siku hizi wanadhani mundu mugo alikuwa anatikisa kibuyu tu na kutoa jibu. "Alikuwa anakuuliza maswali mengi kuliko wewe ulivyomuuliza. Wewe ni wa nani, umegombana na nani, nyumbani wanasemaje. Ukimaliza kujibu, nusu ya shida umeshaijua mwenyewe."

Maneno hayo niliyaweka. Utaona yalivyonisaidia.

Jaribu na bob tatu zako

Kabla hujanunua chochote, jua kwamba sarafu za kubarikiwa hazihitajiki. Chukua bob tatu za kawaida, zile mpya zilizotoka mwaka wa 2018, zenye twiga upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Twiga ihesabu 3. Nembo ihesabu 2. Zirushe zote tatu pamoja na ujumlishe.

Ukipata 7, chora mstari mzima. Ukipata 8, chora mstari uliokatika. Ukipata 9, ni mstari mzima unaobadilika kuwa uliokatika. Ukipata 6, ni uliokatika unaobadilika kuwa mzima. Rusha mara sita, na uanze kuchora kutoka chini kwenda juu, kama unavyojenga nyumba. Kama hakuna 6 wala 9, una umbo moja tu la kusoma. Kama zipo, mistari hiyo inabadilika na kukupa umbo la pili.

Ni hayo tu. Utaratibu wote umeupata bure, kwa shilingi tatu ambazo bado ziko mfukoni mwako.

Maswali matano ya kuuliza kitabu

Sasa tuje kwenye kuchagua. Ukishika kitabu cha wanaoanza, iwe dukani, kwa rafiki ama kwenye simu, kihoji hivi.

La kwanza: nani ametafsiri, na kutoka lugha gani? Vitabu vingi vya bei rahisi havijatafsiriwa kutoka Kichina. Mwandishi amechukua tafsiri ya mtu mwingine na kuipiga pasi. Si kosa, lakini aseme. Kitabu kisichotaja mtafsiri wala mwaka ni kama dawa isiyo na lebo.

La pili: je, kinatenganisha maandishi ya zamani na maelezo? Fungua umbo lolote. Kama huwezi kuonyesha kwa kidole maneno ya kale yanaishia wapi na ya mwandishi yanaanzia wapi, weka chini.

La tatu: kinaeleza njia ya kurusha kikamilifu? Lazima kiseme mistari inasomwa kutoka chini, kieleze 6, 7, 8 na 9, na kiwe na jedwali la kutafutia nambari ya umbo. Kizuri zaidi kitakwambia kwamba sarafu na vijiti havitoi uwezekano sawa. Kwa sarafu, 6 hutokea mara 1 kwa 8 na 9 vilevile. Kwa vijiti, 6 ni mara 1 kwa 16 lakini 9 ni mara 3 kwa 16. Mwandishi anayejua hilo amefanya kazi yake.

La nne: kinasema nini kuhusu kuuliza tena na tena? Hapa ndipo matapeli hukamatwa. Maandishi yenyewe, katika umbo la 4, yanamsema kijana asiyejua anayekuja kuuliza: mara ya kwanza anajibiwa, akirudia mara ya pili na ya tatu anakuwa msumbufu na hajibiwi. Kwa hivyo yeyote anayekwambia "tuangalie tena, tuma nyingine" anakwenda kinyume na kitabu anachodai kukitumia.

La tano, na ndilo kubwa: kikimaliza kusema, uamuzi unabaki kwa nani? Kitabu kizuri kinakuachia. Kitabu kibaya kinakwambia tarehe utakayotajirika, herufi ya kwanza ya jina la mume wako, na adui yako ni jirani wa upande wa kushoto. Yi Jing haina majirani wa upande wa kushoto.

Basi ninunue kipi?

Nikuonye mapema: nitakavyovitaja vyote ni vya Kiingereza, na vingine ni vinene.

Cha bure kabisa ni cha James Legge, mmishonari Mskoti aliyeishi Hong Kong na baadaye akawa profesa wa kwanza wa Kichina pale Oxford. Alikitoa mwaka wa 1882, haki za uchapishaji zimekwisha, na unaweza kukisoma kwenye intaneti bila kumwibia mtu. Kiingereza chake ni cha zamani na yeye mwenyewe hakuiamini ramli. Lakini hilo linasaidia: hana cha kukuuzia.

Kinachojulikana zaidi duniani ni cha Richard Wilhelm, mmishonari mwingine, Mjerumani, aliyeishi Qingdao. Alikitoa kwa Kijerumani mwaka wa 1924. Cary Baynes akakitia Kiingereza mwaka wa 1950, na utangulizi ukaandikwa na daktari wa akili Carl Jung. Ni kizuri na kina uzito. Tatizo ni mpangilio: kimegawanywa sehemu tatu, umbo moja unalikuta sehemu ya kwanza na tena sehemu ya tatu, na anayeanza hupotea njiani.

Kama unataka cha kutumia hatua kwa hatua, mtazame Alfred Huang, Mchina aliyekaa gerezani wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni na baadaye akakitafsiri mwaka wa 1998. Anaeleza maana ya jina la kila umbo na jinsi herufi zake zilivyochorwa.

Kama unataka kujua zaidi kuliko kutumia, mchukue John Minford wa mwaka wa 2014. Amekitafsiri mara mbili ndani ya jalada moja: kwanza kama kitabu cha hekima pamoja na maelezo ya karne nyingi, halafu kama ramli tupu ya zama za shaba. Yale matabaka mawili niliyokwambia, hapo unayaona kwa macho.

Na kuna Richard John Lynn, wa mwaka wa 1994, aliyetafsiri pamoja na maelezo ya Wang Bi. Huyu Wang Bi namtaja kwa makusudi. Alifariki mwaka wa 249 akiwa na miaka 23 hivi, umri wa binamu yangu, na maelezo yake yalisomwa kwa karne nyingi. Mtu asikwambie hekima ni ya wenye ndevu peke yao.

Ushauri wangu: anza na Legge wa bure na bob tatu. Soma mwezi mmoja. Ukiona bado una hamu, sasa nunua kimoja, si vitatu. Na programu za simu? Nyingi zinakurushia sarafu vizuri tu, lakini zihoji kwa maswali yaleyale matano, hasa la kwanza na la tano. Ikiomba pesa ili ikupe "jibu kamili", ifute, urudishe nafasi ya picha zako.

Jambo lingine, na silisemi kwa mzaha. Wengi wetu hapa tumelelewa kanisani, na ndugu zetu Waislamu nao wamefundishwa kwamba ramli ni haramu. Kama imani yako inakukataza kurusha, usirushe. Kitabu chenyewe bado unaweza kukisoma kama unavyosoma historia au methali za watu wengine. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka wa 2005, ya kwanza Afrika, na vijana wanajifunza Kichina huko. Atakayekwenda kufanya kazi na Wachina hatapoteza chochote kwa kujua kitabu ambacho wao wamekuwa wakikijadili miaka yote hiyo.

Wachina wenyewe waliuliza nani kwanza?

Jumatano usiku nilikuta jambo lililonifanya nimpigie binamu simu saa nne.

Katika kitabu kingine cha kale cha Wachina, Shujing, kuna sura iitwayo Mpango Mkuu. Inamfundisha mfalme la kufanya akiwa na shaka kubwa. Inampa mpangilio: aulize moyo wake mwenyewe, aulize mawaziri, aulize watu wa kawaida, halafu ndipo aulize kobe na vijiti. Ramli imewekwa mwisho wa foleni. Mfalme mzima mwenye waaguzi wa kulipwa, na bado anaambiwa aanze na moyo wake na watu wake.

Nikamuuliza binamu: wewe umeanzia wapi kwenye hiyo foleni? Akanyamaza. Alikuwa ameanzia mwisho. Mama yake hakujua. Rafiki yake aliyefanya kazi huko Ghuba miaka miwili na kurudi hakuulizwa. Na ajenti mwenyewe, hakuna aliyemchunguza.

Alhamisi alikuja na bob zake tatu. Nilimwambia swali la "niende nisiende" tuliweke kando, aulize jambo ambalo yeye mwenyewe anaweza kulifanyia kazi. Alifikiri sana. Mwisho akauliza: "Ni nini sijakiona kwenye hii safari?"

Akarusha: 8, 7, 8, 8, 8, 7. Chini kuna umbo dogo la maji, juu la mlima. Nambari 4. Lile la kijana asiyejua anayeuliza tena na tena.

Alicheka hadi akakaa chini.

Usikimbilie kusema ni muujiza. Kwa sarafu, kila umbo lina nafasi 1 kwa 64, na lingetokea la 5, ambalo ni la kungoja, ningekwambia pia limemfaa. Mengi kati ya yale 64 yangemfaa. Kitabu hiki ndivyo kinavyofanya kazi: kinakupa picha, wewe unaipeleka kwenye maisha yako na kuona inagusa wapi. Yeye ilimgusa alipokuwa amekosea. Mbegu za mundu mugo nadhani zilikuwa zikifanya hivyohivyo.

Tukarudi mwanzo wa foleni. Alimpigia yule rafiki aliyerudi, wakaongea nusu saa, nami nikatoka nje maana hayo hayakunihusu. Halafu tukafungua simu. Hapa Kenya, kampuni inayopeleka watu kazini ng'ambo lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya zilizosajiliwa unaweza kuitazama kwenye tovuti yao. Tulitafuta jina la yule ajenti. Tukalitafuta kwa tahajia tatu. Halikuwemo.

Jioni alimweleza mama yake kila kitu, pamoja na ile Sh2,000 iliyokwenda kwa joho jekundu. Hakukosa kukemewa. Ijumaa ajenti alipiga simu mara nne. Binamu alimuuliza nambari yake ya usajili, na simu ikakatwa upande wa pili.

Bado anataka kwenda. Sasa anatafuta kampuni iliyo kwenye orodha, na mama yake anajua. Ile Sh40,000 iko.

Kwa hivyo ukitaka kuanza Yi Jing, anza, ni kitabu kitamu. Lakini ukiwa na swali leo usiku, andika kwanza orodha mbili kwenye karatasi. Upande mmoja weka yanayojibiwa na simu, ofisi ama mtu aliyekutangulia: leseni, ada, mkataba, mshahara. Hayo usiyarushie sarafu hata siku moja. Upande wa pili weka yaliyobaki: naogopa nini, nang'ang'ania nini, nani nimemficha. Ukimaliza ya upande wa kwanza, njoo kwa ya pili, na bob zako tatu kama unataka.

Binamu anamsoma Legge kwa simu, akiwa kibandani, wateja wakipungua. Amefika umbo la 11. Juzi alinitumia ujumbe kwamba hicho Kiingereza kinamuumiza kichwa, na akaniuliza nambari 5 inaseme nini, maana amesahau.

Nimemwambia anarudia kuuliza.